PlayStation 2 Haijafa, Tunaizika Ikiwa Hai

Shika mashine ya gemu ya zamani mkononi, tembea nayo kuanzia stendi ya Mbinga mjini hadi gati la Mbamba Bay, utasikia hukumu moja njia nzima: "Hiyo imeshakufa kaka, katafute mpya." Anaitoa muuza simu, anaitoa mwalimu, anaitoa hata fundi ambaye hajaifungua. Wenye maneno mengi huongeza sababu: analojia ilizimwa, TV za chogo zimepitwa na wakati, spea hazipatikani, na vijana wenyewe siku hizi wanacheza kwenye simu. Hukumu imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Mimi naudai. Kwa ninavyoona, mashine zilizokufa kwa uzee ni chache mno. Nyingi zimeuawa na adapta isiyo yake, lenzi iliyochokonolewa na bisibisi, au kabati lenye mende, kisha mwenye mali akaambiwa kilichoua ni umri.

Tuanze na analojia, maana huo ndio uongo uliotutia hasara kubwa kuliko yote. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia na mikoa mingine ikifuata kwa awamu. Kilichozimwa ni mitambo ya kurushia matangazo. TV iliyo sebuleni kwako haikuguswa na mtu. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu: tulinunua ving'amuzi, tukachomeka nyaya tatu nyuma ya chogo lilelile, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu za sauti, na taarifa ya habari ikaonekana. PlayStation 2 hutoa picha na sauti kwa nyaya za rangi hizohizo. Haijawahi kuhitaji mnara wala antena, kwa hiyo haikuwa na cha kupoteza mnara ulipozimwa. Hata zile mashine za kaseti zilizoigwa kwa Famicom ya Nintendo ya 1983, ambazo hupitisha picha kwenye tundu la antena, hazikudhurika. Mashine yenyewe ndiyo inayotengeneza wimbi na kulisukuma ndani ya waya. Iwashe kwanza, kisha iambie TV itafute chaneli upya, na itaikuta.

Lakini neno lilishatoka kwamba chogo limekufa. Basi watu wakatoa machogo mazima sebuleni, mengine yakageuka meza ya kuwekea ndoo, mengine yakavunjwa ili itolewe shaba iliyomo ndani. Nani alifaidika? Muuza TV bapa. Sina ugomvi na biashara yake, ila asitufanye tuamini kwamba serikali ndiyo iliyoua chogo.

Na hapa naomba wapenda flati wanivumilie, kwa sababu nitakwenda mbali zaidi: kwa mashine hizi, chogo ni bora. Si bora kwa mwenye pesa ndogo tu, ni bora hasa. Gemu za miaka ile zilichorwa kwa ajili ya kioo kinachowaka mstari kwa mstari, papo hapo ishara inapofika. TV bapa haifanyi hivyo. Inapokea picha, inaihifadhi kidogo, inaipanua ijae kioo chenye nukta nyingi kuliko ilizotumiwa, ndipo inaionyesha. Kuchelewa huko ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini golikipa wa penalti anaijua. Kijana anabonyeza, mpira umeshapita, analaumu pedi. Ananunua pedi mpya, hali ni ileile. Pedi haikuwa na kosa. Mwenye flati na afungue menyu ya TV atafute hali ya gemu, itapunguza sehemu ya ucheleweshaji huo, lakini haitaumaliza. Vile vibadilishio vya bei rahisi vya kutoka AV kwenda HDMI vinaongeza ukungu na ucheleweshaji wao juu ya ule wa TV.

Ile bunduki ya kupigia bata ndiyo shahidi wangu mkuu. Waliokulia kwenye mashine za kaseti wanaikumbuka: unaelekeza bunduki kwenye TV, unafyatua, bata anaanguka. Gemu hiyo, Duck Hunt, ni ya 1984, na bunduki yake ni jicho linalotazama mwanga wa kioo kwa muda mfupi sana baada ya kufyatua. Kwenye flati mwanga huo hauji kwa wakati bunduki inapoutarajia, kwa hiyo bata hafi kamwe, hata ukigusisha mtutu kwenye kioo. Watu wametupa bunduki zisizo na tatizo lolote, wakiamini zimezeeka, siku ileile waliyobadilisha TV.

Kuna na ugonjwa wa picha nyeusi na nyeupe, ambao umepeleka mashine nzima kwenye jalala la Mbinga mjini na kwingineko. Mtu anaweka diski, picha inakuja bila rangi, fundi anatikisa kichwa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Gemu za Marekani na Japani zinatumia mfumo wa NTSC wa picha 60 kwa sekunde, za Ulaya zinatumia PAL wa picha 50, na chogo lililotengenezwa kwa PAL pekee likipokea rangi za NTSC halizielewi, linaonyesha kivuli tu. Tafuta TV inayokubali mifumo yote miwili, au weka diski ya PAL ujionee. Kwenye flati sababu huwa nyingine: waya wa njano umechomekwa kwenye tundu la kijani, na TV inadhani imeletewa picha ya komponenti. Badilisha chaguo kwenye menyu kutoka komponenti kwenda AV. Hiyo ni kazi ya dakika moja, bila bisibisi.

Sasa tuje kwenye umeme, ambako ndiko mauaji yenyewe yanakofanyika.

PlayStation 2 nyembamba, iliyotoka 2004, ilikuja na adapta ya nje iliyoandikwa volti 8.5 na ampea 5.65. Zidisha: ni takriban wati 48, na kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo. Adapta hiyo ikipotea au waya wake ukikatika, Kariakoo ni mbali, basi mtu anachukua ya king'amuzi. Hiyo ni ya volti 12. Anakata waya, anafunga kwa selotepu, taa nyekundu inawaka, anafurahi. Baada ya muda sakiti zinaungua, na jirani anakuja kutoa pole: "Si nilikwambia ni ya zamani?" Ingekuwa mpya kutoka kwenye boksi ingeungua vilevile. Mashine za zamani zaidi ni hatari zaidi kwa mtindo huu, kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana hata mahali pa kuweka chanya na hasi. Sega Mega Drive ya kwanza, kwa mfano, ina hasi katikati ya kichwa cha waya, na adapta nyingi za leo zina chanya katikati. Kichwa kinaingia vizuri kabisa. Kabla ya kuchomeka chochote, soma maandishi ya mashine, soma ya adapta, na kama huna mita ya kupimia, azima kwa fundi redio.

Wanaotetea vifaa vipya husahau tulikotoka na umeme. Mpaka njia ya Makambako hadi Songea ya kilovolti 220 ilipoifikisha gridi ya taifa Ruvuma mwaka 2018, umeme wa miji yetu ulitegemea majenereta ya dizeli kwa sehemu kubwa, na mashine hizi zilikuwepo, zikifanya kazi, zikizimika na kuwaka. Gridi ilipokuja haikuondoa kukatika wala ile kurudi kwa kishindo inayotoboa fyuzi. Dawa ni kuchomoa waya ukutani umeme unapokatika na kusubiri utulie. Stabilaiza inasaidia, na haibagui kipya na cha zamani. Na vijijini kando ya Ziwa Nyasa, ambako nyumba nyingi bado zinatumia sola, wati 48 ni kitu kinachobebeka. PlayStation 5 hutumia takriban wati 200 gemu nzito zinapochezwa. Anayemshauri mtu wa kijiji cha sola anunue hiyo, kwanza amnunulie paneli.

Nitakubali jambo moja bila ubishi: hali ya hewa inaumiza. Ila haiumizi kwa namna tunayoambiwa. Mtu wa Tanga au Unguja ana chumvi ya bahari inayokula sakiti. Ziwa Nyasa ni maji baridi, halina chumvi hiyo. Adui wa Liuli na Lituhi ni unyevu na joto, adui wa Mbinga ni vumbi la kiangazi, na wote wana mende na mijusi wanaopenda kulala palipo na joto la umeme. Baridi ya milima ya Wamatengo, ambayo wageni huilalamikia kila Juni, kwa kweli ni rafiki. Kapasita za maji zilizomo ndani ya mashine hukauka kwa joto, na mafundi wanayo kanuni kwamba ukipunguza nyuzi 10 za joto, maisha yake yanakuwa karibu mara mbili. Mashine iliyohifadhiwa pakavu Mbinga ina nafasi kubwa ya kuishi kuliko iliyokaa Dar es Salaam juu ya friji. Hatari iko safarini. Ukiteremka nayo asubuhi kutoka milimani, ikiwa baridi, hadi ziwani ambako ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na hewa imejaa mvuke, unyevu utajikusanya ndani yake kama jasho. Iache kwenye mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, saa moja au mbili, ndipo uiwashe. Wengi huiwasha palepale ili kuonyesha wenyeji.

"Lakini kipya ni imara zaidi." Kipya kinyemi, ingawa kidonda, walisema wahenga, na kidonda kikubwa kuliko vyote katika historia ya mashine hizi kilikuwa kwenye kitu kipya. Xbox 360 ilipotoka 2005 ilikuwa ya kisasa kuliko zote. Kufikia Julai 2007 zilikuwa zimeharibika nyingi kiasi kwamba Microsoft ililazimika kurefusha dhamana hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. PlayStation 2, mzee wetu wa mwaka 2000, iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, na mwaka huohuo wa 2013 zilikuwa bado zikitoka gemu mpya za mpira kwa ajili yake, FIFA 14 na PES 2014. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa kuliko hiyo. Anayesema spea hazipo ajibu: milioni 155 zimekwenda wapi? Zimo makabatini. Tatu mbovu hutoa moja nzima, na fundi anayejua kazi yake hamwachii mteja aondoke na mbovu bila kumuuliza kama anaiuza.

Kuna hoja ambayo wapinzani wangu hawaipendi, na ndiyo nzito kuliko zote kwa mtu wa Nyasa. Kifaa kipya hakijitegemei. The Crew, gemu la magari la Ubisoft lililotoka 2014, lilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na aliyelinunua kwa pesa yake hawezi tena kulicheza kwa njia rasmi, hata akiwa peke yake chumbani. Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la Wii U na 3DS Machi 2023. Microsoft ikafunga la Xbox 360 Julai 2024. PlayStation 5 nyembamba ya 2023 ina kisoma diski cha kuchomeka, na kisoma diski hicho hakikubali kufanya kazi mpaka mashine iunganishwe na intaneti walau mara moja ili kitambulike. Fikiri juu ya mtu wa kijijini anayenunua bando kwa mia tano akiambiwa gemu moja inataka gigabaiti makumi kabla ya kuanza. Diski ya PlayStation 2 ina gemu nzima. Unaiweka, unacheza. Mwenye kampuni akifilisika kesho, wewe huna habari. Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza jambo hili mwaka 2023 na kukuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote rasmi. Zinaishi kwa sababu kuna watu wenye mashine nzima majumbani. Basi mashine inayoitwa takataka ndiyo ghala pekee.

Kuhusu simu sitasema mengi. Vijana wengi wanaojisifu kwamba wameachana na ya zamani wanacheza mpira kwenye simu kupitia PPSSPP, programu inayoiga PSP. PSP ni mashine ya Sony ya 2004. Kwa hiyo wanacheza cha zamani, kwenye kioo kidogo, bila pedi, kila mtu na chake. Kwenye kibanda cha gemu, watu wawili wanashika pedi, kumi wanasubiri zamu kwenye benchi, na aliyefungwa anaondoka kwa kelele. Wazee wanaoita benchi hilo shule ya uhuni wanayo haki ya kudai saa za kufungua na kufunga, na mtoto wa shule asionekane pale asubuhi. Hilo ni jambo la mzazi na serikali ya mtaa. Halina uhusiano wowote na umri wa mashine, wala hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba PlayStation 5 inafundisha adabu.

Sasa mafundi, na hapa nitawakwaza marafiki. Diski isiposomeka, wengi hufungua kichwa cha lenzi na kuzungusha kile kiskurubu kidogo kinachoongeza nguvu ya mwanga. Gemu inasoma siku ile, mteja analipa, fundi anasifiwa. Lenzi imeshahukumiwa kifo, kwa kuwa inaungua kwa nguvu isiyo yake. Kazi ya kwanza ilipaswa kuwa pamba safi na spiriti ya kusafishia, tone tu, bila kukandamiza. Siyo petroli, siyo manukato. Kazi ya pili ni kufuta grisi iliyokauka kwenye reli ambazo lenzi huteleza juu yake na kupaka mpya kidogo. Kazi ya tatu ni kujaribu diski nyingine, kwa sababu diski za kunakili zinaichosha lenzi kuliko halisi. Baada ya hayo ndipo lenzi ibadilishwe. Mashine inayosahau tarehe kila ikizimwa haijapotewa na akili. Ina betri bapa ya CR2032, ileile ya kompyuta, na imekwisha. Feni inayounguruma kwenye PlayStation 2 nene, ile ya kwanza, imejaa vumbi. Mambo haya yote mtu mzima makini anaweza kuyafanya nyumbani mwenyewe, mezani, mwanga ukiwa mzuri.

Yapo yasiyofanywa nyumbani. Chogo lisifunguliwe na asiyejua, hata kama limechomolewa kutwa nzima, kwa sababu bomba lake hubaki na volti maelfu kadhaa zinazoweza kuua. Sehemu ya umeme ya mashine nene nayo haichezewi. Na chogo lililokufa kweli lisivunjwe ufukweni: kioo chake kina madini ya risasi, na ziwa hilo ndilo tunalovua usipa na kunywa maji yake.

Najua swali linalokuja: si diski hizo nyingi ni za kunakili? Ndiyo, nyingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, nami siipingi. Lakini hoja hiyo inahusu diski. Haigusi mashine, na haiwezi kuwa sababu ya kuitupa, kama vile redio haitupwi kwa sababu kuna mtu aliuza kanda za wizi.

Kinachonishangaza ni kwamba upuuzi huu wa kudharau cha zamani unatoka kwa watu wa Mbinga. Wamatengo wa huko wamelima kwa ngoro, kilimo cha mashimo, kwenye miteremko mikali kwa vizazi na vizazi, na mvua haijaondoka na udongo wao. Wapo waliowahi kuona mashimo yale ni ushamba. Ngoro haikuachwa kwa sababu ya umri wake, ilipimwa kwa kazi yake. Kwa nini kipimo hichohicho kisitumike sebuleni?

Kwa hiyo, wewe mwenye PlayStation 2 juu ya kabati, Mbinga, Mbamba Bay au Liuli: iteremshe wiki hii. Itikise taratibu usikie kama kuna mdudu au skurubu iliyolegea. Soma volti zilizoandikwa nyuma yake na utafute adapta inayolingana nazo, hata kama itakubidi kusubiri mzigo wa Songea. Tafuta chogo kwa jirani kabla hajaligeuza meza. Ukimpelekea fundi, simama umwangalie, na akishika kile kiskurubu cha lenzi, ichukue mashine yako uondoke.